Kijiji cha Uwanda wa Makonde na Daftari Lisiloandikwa

Ripoti za maendeleo zinapoeleza kijiji kidogo cha bara hufuata desturi moja. Hutaja idadi ya kaya, ekari zinazolimwa, mazao yanayopatikana, shule, zahanati na umbali hadi barabara kuu. Kisha hufunga kwa orodha ya matatizo. Maelezo hayo yana manufaa yake, lakini yanafanana na kazi ya tabibu aliyempima mgonjwa urefu na uzito, akaondoka bila kumwuliza anaumwa nini, wala amejitibu vipi hata akafika siku ile.

Katika makala haya nakusudia kukieleza kijiji cha uwanda wa Makonde kwa njia nyingine, yaani kwa kuuliza kwa nini kila kitu kipo mahali kilipo. Sitakitaja kijiji kimoja kwa jina, maana ninayoyasema yanavihusu vijiji vingi vya Newala na Tandahimba, na kwa sehemu vile vya Masasi. Hoja yangu ni kwamba katika kijiji cha namna hiyo maji, udongo, miti na paa la nyumba vimefungamana, na yeyote atakayegusa kimoja bila kupima vingine atawalipisha wanakijiji gharama ambayo yeye mwenyewe haioni. Aidha nitadai kwamba vipimo vinavyohitajika si vya gharama kubwa, na kwamba wanakijiji wenyewe wanaweza kuviweka.

Nchi mbili zinazotazamana

Msafiri atokaye Masasi kupanda Newala hupita kutoka nchi moja ya kijiolojia hadi nyingine. Masasi imekaa juu ya miamba ya kale sana, iliyobadilika kwa joto na mgandamizo ndani ya ardhi. Vilima vyake vya mawe matupu, kama vile Mtandi, ni masalio ya miamba migumu iliyosimama baada ya ile laini kuliwa na mvua na upepo kwa mamilioni ya miaka. Mvua ikinyesha juu ya vilima hivyo haipenyi. Hutiririka hadi chini na kuingia katika udongo ulio kando. Kwa sababu hiyo maji ya visima vifupi hupatikana karibu na vilima, na wamisheni wa Kianglikana walipofika Masasi mwaka 1876, wakiwa pamoja na watu waliokombolewa utumwani, walijenga karibu navyo.

Uwanda wa Makonde ni nchi nyingine kabisa. Hupanda taratibu kutoka upande wa bahari hadi kupita mita 700 kwenye ukingo wake wa magharibi, kisha hukatika ghafula kwa genge refu. Umejengwa kwa matabaka manene ya mchanga na mawe ya mchanga, na juu yake kuna udongo mwekundu wa kichanga unaonyonya maji upesi mno. Mvua ya uwanda huu si haba: wastani wake ni kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali Dodoma hupata kidogo kuzidi nusu ya kiasi hicho. Hata hivyo juu ya uwanda hakuna mto wala kijito cha kudumu. Maji huzama hadi yakutane na tabaka lisilopenyeka, husafiri chini kwa chini, na kutokea kama chemchemi mabondeni na chini ya genge. Mtu akisimama pale Newala paitwapo Shimo la Mungu, na kulitazama bonde la Ruvuma lililolala mbali chini yake, fumbo la nchi hii humfunukia: watu na mashamba wako juu, maji yako chini.

Kwa nini wakae mbali na maji?

Mgeni huona jambo hili kuwa ni ujinga. Iwapo maji yako bondeni, mbona watu hawakujenga bondeni? Swali hilo lina majibu matatu, na yote matatu yana akili.

Jibu la kwanza ni usalama. Katika karne ya 19 bonde la Ruvuma lilikuwa njia ya misafara ya watumwa iliyoelekea Lindi, Mikindani na Kilwa, na pia njia ya wavamizi. Mwaka 1882 Wangoni waliojulikana kama Wamagwangwara waliishambulia misheni ya Masasi, na baada ya hapo makao ya misheni yalihamia Newala kwa muda. Uwanda ulikuwa umefunikwa na vichaka vizito visivyopitika kwa urahisi. Aliyejenga kaya yake katikati ya vichaka hivyo alikuwa na ukuta ambao hakuujenga kwa mikono yake. Kaya zilikuwa ndogo ndogo, kila kundi likiwa chini ya mkulungwa wake, na adui hakuwa na mji mmoja wa kuuteka.

Jibu la pili ni afya. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, alichapisha mwaka 1908 kitabu juu ya safari yake, na ndani yake mna simulizi ya asili ya Wamakonde. Simulizi hiyo yaeleza kwamba wazazi wa kwanza walipokaa karibu na mto watoto wao walikufa, na walipopanda mahali pa juu mtoto wao aliishi. Tangu hapo wazao waliusiwa kuyaepuka mabonde na kujenga mwendo mrefu kutoka kwenye maji. Ronald Ross aligundua mwaka 1897 vimelea vya malaria ndani ya mbu. Wazee wa Makonde hawakumjua mbu kuwa ndiye mwenezaji, lakini walikwisha kuona uhusiano kati ya bonde lenye maji na kaburi la mtoto, wakaufanya kuwa sheria ya makazi. Mwanasayansi hana sababu ya kuicheka simulizi ya namna hiyo. Ni matokeo ya uchunguzi wa vizazi, yaliyohifadhiwa kwa njia ambayo mtoto hawezi kuisahau.

Jibu la tatu ni ardhi. Vichaka vilivyozuia adui ndivyo vilivyorutubisha mchanga. Mkulima alifyeka kipande, akachoma, akapanda mtama, muhogo, kunde na njugu mawe kwa misimu michache, kisha akakiacha kirudi kuwa kichaka kwa miaka mingi. Mizizi mirefu ya kichaka ilivuta madini yaliyokwisha kuzama na kuyarudisha juu kwa majani yanayoanguka. Mchanga ni benki mbovu, haushiki amana. Kwa hiyo amana iliwekwa ndani ya miti.

Gharama ya ndoo moja

Faida hizo tatu zililipiwa kwa maji, na waliolipa zaidi ni wanawake na wasichana. Tujaribu kuipima gharama hiyo kwa hesabu nyepesi. Tuchukue mfano wa mwanamke mwenye uzito wa kilo 55 anayebeba lita 20 kutoka chemchemi iliyo mita 200 chini ya nyumba yake. Anaupandisha mzigo wa kilo 75, yaani mwili wake na maji, kwa kimo cha mita 200. Kazi hiyo ni kiasi cha jouli 147,000. Misuli ya binadamu hugeuza kuwa kazi karibu sehemu moja tu ya tano ya nishati ya chakula, hivyo mwili wake hutumia jouli zipatazo 735,000, ambazo ni sawa na kalori 175 za wataalamu wa lishe. Hapo hatujahesabu mwendo wa tambarare wala safari ya kuteremka. Kwa lugha ya jikoni, kila ndoo huteketeza takriban gramu 50 za unga wa muhogo kwa kupanda tu.

Kaya ya watu watano ikitaka lita 100 kwa siku, itahitaji safari tano na robo kilo ya unga kwa ajili ya kilima peke yake, pamoja na muda wa siku nzima. Hakuna kaya inayoweza kufanya hivyo. Badala yake watu hupunguza maji, na maji yanayopunguzwa kwanza ni ya kunawa mikono na nyuso. Hapo ndipo yanapoingia magonjwa ya tumbo na ya macho. Afisa afya anayehubiri usafi katika kijiji kama hicho bila kuuliza kimo cha kilima anahubiri nusu ya somo.

Jitihada za kuyapandisha maji zina historia ndefu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kusukuma maji ya chini na kuyafikisha uwandani kwa mabomba. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa miaka 20 uliokusudia kila mwanakijiji apate maji katika umbali usiozidi mita 400 ifikapo 1991. Tangu mwaka 1972 hadi 1993 nchi ya Finland ilisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi kutafuta na kusambaza maji, kwa visima vya pampu za mkono na kwa mabomba. Wengi walifaidika, lakini lengo la 1991 halikufikiwa. Sababu mojawapo ni ya kifizikia na haiondoki kwa hotuba. Lita 1,000 za maji zikipandishwa mita 300 hudai nishati isiyopungua uniti 0.8 za umeme, na kwa pampu halisi karibu mara mbili yake. Kila siku, kila mwaka, kilima hudai malipo yake. Dizeli ikikosekana au mtambo ukiharibika, bomba hubaki kuwa chuma kilichozikwa, na ndoo hurudi kichwani.

Mkorosho ulipoingia

Mkorosho ni mgeni kutoka Brazili, aliyeletwa na Wareno katika pwani za Bahari ya Hindi. Ulienea sana kusini mwa Tanzania baada ya Vita ya Pili ya Dunia, kwa kuwa mizizi yake huenda chini kutafuta maji ambayo muhindi hauwezi kuyafikia. Kwa mkulima wa uwandani ulikuwa jibu jipya kwa mchanga ule ule. Alipanda mikorosho michanga katikati ya muhogo na kunde. Chakula kilipokoma, miti ilibaki. Lakini tuone kilichobadilika. Shamba lililokuwa likirudi kuwa kichaka sasa lilishikwa na mti wa kudumu, na mapumziko ya ardhi yakafupika. Mkorosho pia ulimfunga mkulima mahali. Kaya ya zamani iliweza kuhama. Mwenye mikorosho mia hahami nayo.

Ndiyo maana operesheni ya kuhamia vijijini iliuuma uwanda huu kwa namna ya pekee. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba watu wote waishi vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Nia ya kuwakusanya watu ili wapate shule, zahanati na maji ilieleweka, na mpakani palikuwa pia na sababu ya ulinzi, maana vita vya ukombozi vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Lakini waliochora kijiji kwenye ramani walipima umbali kutoka barabarani. Umbali kutoka kwenye mikorosho haukuingia katika hesabu zao. Shamba lililo mbali halipaliliwi vema, korosho zake haziokotwi kwa wakati, na moto wa kiangazi hulila.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Katika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Si haki kuutupia uhamisho lawama yote. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa uliingia. Lakini mambo hayo matatu yalisaidiana. Shamba lisilotembelewa ni shamba ambalo ugonjwa wake hugunduliwa umechelewa.

Unga mweupe na unga wa manjano

Ugonjwa wenyewe ni ubwiriunga, unaosababishwa na kuvu iitwayo Oidium anacardii. Hufunika majani machanga na maua kwa unga mweupe, na ua lililofunikwa halizai. Hushambulia wakati mikorosho inapochipua na kuchanua, katika miezi mikavu ya kati ya mwaka, ambapo asubuhi huwa na ubaridi na unyevu wa umande. Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walishughulikia ugonjwa huu kwa bidii kubwa, na dawa iliyoenea ni unga wa salfa, ile ambayo wazee waliita kibiriti upele, inayopulizwa kwa mashine juu ya mti. Salfa iliokoa mikorosho. Pamoja na bei bora, aina mpya za mbegu na juhudi za wakulima, ilichangia kuirejesha korosho: msimu wa 1ule wa 2017/18 mavuno ya nchi yalipita tani 300,000.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini. Salfa haipotei baada ya kumaliza kazi yake juu ya ua. Nyingi huanguka chini. Udongoni kuna bakteria wanaoiunganisha na oksijeni na maji, na mazao ya kazi yao ni tindikali ya salfuri. Hesabu ya kemia yaonyesha kwamba kila kilo moja ya salfa iliyogeuka hivyo huhitaji kilo tatu na ushei za chokaa ya mawe ili tindikali yake izimuliwe. Tuchukue mfano wa mkorosho unaopulizwa gramu 250 mara tano kwa msimu, yaani kilo moja na robo. Katika hekta moja yenye mikorosho 69, iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, salfa ya msimu mmoja ni kilo 86, na kama yote ingeangukia humo, chokaa ya kuizimua ingekuwa kiasi cha kilo 270. Kila msimu.

Udongo wa mfinyanzi waweza kuvumilia mzigo huo kwa muda mrefu, kwa kuwa una uwezo wa kushika tindikali bila kuchachuka upesi. Mchanga wa Makonde hauna uwezo huo. Jambo hili si dhana tu: wataalamu wa udongo waliochunguza mashamba ya kusini katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba upulizaji wa salfa huongeza uchachu wa udongo. Muhogo huvumilia uchachu kuliko mazao mengi. Karanga hazivumilii vivyo hivyo. Zikikosa kalsiamu, hutoa maganda yasiyo na kitu ndani. Mama anayelima karanga na kunde chini na kando ya mikorosho ya kaya yake anaweza kuona mavuno yake yakipungua mwaka hata mwaka, akadhani mvua ndiyo mbaya, kumbe shamba lake linalipa gharama ya korosho. Fedha ya korosho hupimwa kwenye mizani ya chama cha ushirika na kuandikwa. Karanga zilizopungua jikoni haziandikwi popote.

Sisemi salfa iachwe. Aliyeiona mikorosho ya miaka ya 1980 hawezi kusema hivyo. Nasema kwamba dawa inayosambazwa kwa maelfu ya tani, na ambayo kuna misimu serikali imeigawa bila malipo, haina budi kuandamana na kipimo cha udongo na mpango wa chokaa. Aidha njia zinazopunguza haja ya salfa zipewe uzito uleule: kupogoa matawi yaliyosongamana, kuondoa machipukizi ya ndani ya mti ambamo kuvu hujificha, na kupanda aina zinazostahimili ugonjwa, ambazo Naliendele imezizalisha.

Korosho, bati na tangi

Kuna kiungo kingine ambacho ripoti nyingi hazikitaji. Paa la nyasi halikusanyi maji ya kunywa. Paa la bati hukusanya. Bati hununuliwa kwa fedha ya korosho. Na mwenye bati huweza kuchimba shimo kando ya nyumba, akalisakafia kwa saruji, akavuna mvua. Katika vijiji vingi vya uwandani mashimo ya namna hiyo ni mali ya thamani kuliko samani za ndani. Kwa hiyo mwaka ambao ubwiriunga umeshinda, kinachopotea si karo ya shule tu. Ni tangi ambalo halikujengwa, na ndoo zitakazobebwa miaka kumi ijayo.

Je, paa laweza kutosheleza? Paa lenye upana wa mita tano na urefu wa mita nane hupokea lita 40,000 katika mwaka wenye mvua ya milimita 1,000. Tukitoa moja ya tano inayopotea, hubaki lita 32,000. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku. Watu watano wangehitaji zaidi ya lita 45,000 kwa mwaka. Paa peke yake halitoshi. Lakini maji ya kunywa na kupikia, tukikadiria lita tano kwa mtu, ni lita 25 kwa kaya kwa siku. Kiangazi cha miezi saba kinahitaji lita 5,250, nazo hukaa katika shimo la mviringo lenye kipenyo cha mita mbili na kina cha mita moja na robo tatu. Kulijaza shimo hilo kwa paa letu kunahitaji mvua ya milimita 165 tu. Maana yake ni kwamba bomba na paa havishindani. Paa lilinde uhai siku ambayo bomba limekauka. Bomba lilete maji ya kuoga, kufua na kunawa. Na shimo lifunikwe vema, la sivyo tutakuwa tumemwita mlangoni yule mbu ambaye wahenga walimkimbia.

Uzoefu huu si wetu peke yetu. Katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia, kuna wilaya ya Gunung Kidul, kusini-mashariki ya mji wa Yogyakarta. Ni nchi ya vilima vya mawe ya chokaa ambamo mvua huzama mara moja, na kiangazi watu hutembea mbali kutafuta maji. Wakulima wake, kama wa Newala, waliutegemea muhogo: huumenya, huukausha juani na kuuweka akiba, wakiuita gaplek, jambo ambalo kila mla makopa atalielewa bila mkalimani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 matangi ya mvua yaliyojengwa kwa wavu wa chuma na saruji yalienea huko nyumba kwa nyumba. Baadaye, katika miaka ya 2000, wahandisi wa Ujerumani na Indonesia walijenga bwawa ndani ya pango la Bribin, ambapo nguvu ya mto wa chini ya ardhi hutumika kuyapandisha maji yake yenyewe. Somo la Java kwetu lina pande mbili. Tangi laweza kuigwa, kwa maana mvua ni mvua. Pango haliwezi kuigwa, kwa maana sisi tuna mchanga na wao wana chokaa. Atakayenunua mtambo kabla ya kuutazama mwamba atarudia yaliyotokea Nachingwea, jirani ya Masasi, ambako mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 ulikwisha kuachwa mwaka 1951.

Daftari la kijiji

Napendekeza basi kwamba Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ikishirikiana na kituo cha Naliendele na halmashauri za wilaya, iwezeshe kila kijiji cha uwandani kuwa na daftari lake la vipimo. Mambo ya kupimwa ni manne. Kwanza, mvua ya kila siku, kwa kopo lenye pande zilizonyooka na rula, shuleni. Pili, muda wa kwenda na kurudi majini katika kaya chache zilizochaguliwa, mara moja kwa mwezi. Tatu, uchachu wa udongo chini ya mkorosho unaopulizwa na katika kipande kisichopulizwa, mara moja kwa mwaka, kwa vipimo vya rangi ambavyo mwanafunzi wa sekondari aweza kuvitumia. Nne, mavuno: ya korosho kutoka mizani ya ushirika, ambayo tayari yameandikwa, na ya karanga, kunde na muhogo kutoka kaya zile zile.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba vipimo vya wanakijiji havitakuwa sahihi. Kipimo kilichowekwa kila siku kwa miaka mitano mahali pale pale, hata kikiwa na kasoro ndogo, hueleza mengi kuliko kipimo safi cha siku moja kilichochukuliwa na mtaalamu aliyekuja kwa gari na kuondoka jioni. Wengine watasema kazi hiyo ni ya watafiti wa kituo. Lakini kituo kimoja kilicho karibu na pwani hakiwezi kuwa machoni pa ukingo wa Newala kila siku, wala mvua na umande wa huko si sawa na wa pwani. Tena wengi wetu tuliosomea udongo ng'ambo tulifundishwa juu ya udongo wa nchi za baridi, usiochujwa na mvua kama huu. Mchanga wa Makonde hatuna budi kuusoma hapa hapa, pamoja na wanaoulima.

Lipo sharti moja ambalo bila hilo daftari litakufa. Matokeo yarudi kijijini, kwa Kiswahili chepesi, na yasomwe katika mkutano wa kijiji kabla ya kupelekwa kwingine. Mkulima aliyepima udongo wake, akaambiwa umechachuka kwa kiasi gani na chokaa kiasi gani yahitajika, ana jambo la kumwuliza mgawaji wa salfa atakapokuja. Aliyepimwa tu na kuachwa hana la kuuliza.

Kazi hii yaweza kuanza katika vijiji vichache vya Newala, Tandahimba na Masasi kabla ya msimu mmoja wa upulizaji, na kwa fedha isiyozidi gharama ya semina moja ya mjini. Swali la kwanza ambalo daftari lingejibu ni hili: katika mashamba yaliyopulizwa salfa tangu miaka ya 1990, mchanga umebakiwa na uwezo gani wa kuotesha chakula? Jibu hilo wanakijiji wanalihitaji sasa, wakati bei ya korosho ingali inaweza kununua chokaa.